Vipimo vya mtumba vilivyonipa mkataba, na namna ya kuvikagua kabla hujalipa

Wiki iliyopita nimesaini mkataba wa kuhudumia redio za upepo kwenye magari ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Furaha haijanitoka, mnivumilie. Kabla ya kusaini walikuja kukagua karakana, na kilichowatuliza hakikuwa cheti ukutani bali meza yangu ya kazi: jenereta ya mawimbi HP 8640B (inayotoa mawimbi ya kupimia redio, siyo ile ya dizeli, tafadhali) na mita ya wati Bird 43. Zote ni za Marekani, zote za mtumba, na hiyo HP ni toleo la miaka ya 1970, imenizidi umri.

Si siku zote nimeheshimiwa mjini hapa. Kuna mteja wa zamani, jina namhifadhia, aliyenisimamisha mbele ya madereva wake akidai nimeng'oa vitu ndani ya redio yake. Ilikuwa redio ya VHF ya wati 25. Nimeitengeneza, imeondoka nzima, fundi mwingine akaipima akapata wati 15. "Fundi, wati zangu kumi ziko wapi?" Madereva wakaangua kicheko. Wakati huo sikuwa na kipimo changu, nilikuwa naazima, sasa ningejibu nini?

Baadaye niliiona mita iliyonidhalilisha. Ilikuwa Bird 43 nzima kabisa, ila imechomekwa elementi ya 250C, yaani kile kipande cha kuchomeka kinachoamua mita ipime hadi wati ngapi, na hicho ni cha hadi wati 250. Sasa sikilizeni, kwa sababu hata mafundi wazee hili linawapita. Usahihi wa mita hiyo ni asilimia 5 ya kipimo chote cha elementi, siyo ya namba unayoisoma. Asilimia 5 ya wati 250 ni wati 12.5. Redio yenye wati 25 kamili inaweza kusomeka 12.5 au 37.5, na mita ikawa bado iko ndani ya ahadi yake! Angechomeka 50C, ya hadi wati 50, tofauti isingezidi wati 2.5. Radhi sijaombwa mpaka leo. Tuendelee.

Nilivyopata hela ya kununua vya kwangu tuyaache, madeni kila mtu anayajua.

HP niliipata kwa dalali. Akaichomeka, namba zikawaka, akanitazama kama aliyemaliza kazi. "Inawaka, kaka, si unaona?" Nikamwomba aizime. Kwanza nikachungulia nyuma imepangwa volti ngapi, maana mashine nyingi za Marekani zinakuja zikiwa kwenye 120, na umeme wetu ni 230. Kibadilishio kikiwa bado kwenye 120 unaunguza transfoma kabla hujafika kwenye redio. Hii ilikuwa tayari kwenye 240.

Halafu nikatoa mita ya om mfukoni, na dalali ndipo alipoanza kukosa raha.

Ugonjwa mkubwa wa jenereta za mtumba ni huu: mtu ameunganisha redio ili apime upokeaji, akajisahau akabonyeza kitufe cha kuongea. Wati 25 zinarudi kwenye tundu la kutolea mawimbi, na vizuizi (rezista) vya atenyueta, sehemu inayopunguza nguvu ya mawimbi, vilivyoundwa kwa nguvu ndogo sana, vinaungua kimya kimya. Taa haizimiki, namba hazibadiliki, na dalali ataapa kwamba ni nzima. Kwa hiyo izime, zungusha swichi ya atenyueta hadi upunguzaji wa desibeli 20 au zaidi, upime om kati ya pini ya katikati ya tundu na ganda lake. Jenereta nyingi za aina hii zitakusomea karibu na 50 hata kama huko ndani kuna nini, kwa sababu atenyueta yenyewe inaficha kilicho nyuma yake. Pita hatua moja moja mpaka mwisho. Ukikuta mahali mita inaruka hadi mamia, au haisomi kabisa, umempata mgonjwa. Yangu ilikaa kwenye 50 mwanzo mwisho.

Ndipo ukaiwasha. Punguza mawimbi hadi chini kabisa, usiunganishe waya wowote, sogeza redio ya mkononi iliyo kwenye masafa yaleyale. Ikisikia vizuri, mashine inavuja: mara nyingi kuna mtu aliifungua na hakurudisha skrubu zote.

8640B ina udhaifu wake mwingine, gia za plastiki kwenye swichi ya bendi. Zinapasuka kwa uzee, unazungusha kitufe lakini ndani hakuna kinachofuata. Kwenye mashine yangu gia moja ilikuwa imepasuka. Nilimwonyesha dalali, bei ikashuka, nikaenda kuchongesha ya chuma.

Bird ni rahisi zaidi. Funga dami ya om 50 (mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena) upande wa antena, soma nguvu inayokwenda, kisha geuza mshale wa elementi usome inayorudi. Inayorudi iwe karibu na sifuri. Sasa badilishana waya kushoto na kulia, urudie. Majibu yakitofautiana sana, huenda elementi imechoka.

Na zile kapasita za RIFA za ganda la njano linalopitisha mwanga, kwenye kichujio cha umeme: zikiwa na nyufa, badilisha kabla ya kuwasha kwa muda mrefu. Zinalipuka moshi mzito, mwenye nyumba atakuhamisha.

Vijana wananiandikia wanataka mikataba ya kampuni kubwa, nikiwauliza mna mita gani, wananitajia simu. Wadogo zangu, acheni. Mteja atakayekuita mwizi yupo njiani, na siku hiyo kitakachokutetea ni mshale wa mita yako. Beba mita ya om, dami, redio moja unayoiamini, na kiunganishi cha kutoka N kwenda BNC (aina mbili za plagi za waya wa redio). Muuzaji akikukatalia kuchomeka mita kwenye tundu, rudisha hela mfukoni uondoke, hata kama mashine inang'aa. Kuna osiloskopu ya Tektronix niliiacha kwa sababu hiyohiyo, na muuzaji bado ananipigia kuniuliza kama nimebadili mawazo.