Kutwa au bweni? Ombeni ratiba ya usiku kabla ya kulipa

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji: "Shule binafsi inapokea wanafunzi wa kutwa na wa bweni kwa pamoja. Mzazi aamue vipi, na akague nini kabla ya kulipa ada?" Najibu kwa kuzitazama sekondari za hapa Tanzania, maana kila mwisho wa mwaka wazazi wa darasa la saba hukaa na fomu ya kujiunga mezani, visanduku viwili vya kuweka tiki, na hawana wa kuwaeleza tofauti yake zaidi ya bei.

Mchana tofauti haipo. Dawati ni lile lile, mwalimu ni yule yule, vipindi ni vya dakika 40 tangu asubuhi hadi saa 8 na ushei. Tofauti yote imelala kati ya saa 10 jioni na saa 1 asubuhi, na huko mzazi hapelekwi siku anapotembezwa. Anaonyeshwa maabara, chumba cha kompyuta na vikombe vya ofisini. Kwa hiyo ombi la kwanza liwe hili: nipeni ratiba ya saa 24 kwa maandishi, ya kutwa na ya bweni, niziweke sambamba. Shule isiyoweza kuitoa siku hiyo hiyo haina ratiba, ina mazoea.

Tuchukue ratiba ya bweni ya kawaida. Kengele ya kuamka saa 10:30 alfajiri, usafi na kuoga, prepo (muda wa kujisomea) ya alfajiri saa 11:15, uji saa 12:30, paredi saa 1:15. Jioni michezo, chakula saa 12, prepo saa 1:30 hadi saa 4 usiku, taa kuzimwa saa 4:30. Piga hesabu ya usingizi: saa 6 tu, na mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayesinzia kipindi cha hesabu baada ya wiki tatu za namna hiyo hana uvivu wowote, amenyimwa usingizi na kengele. Kwa maoni yangu prepo ya alfajiri ndiyo ya kwanza kufutwa. Saa moja ya usingizi inamsaidia mtoto kuliko saa moja ya kukodolea daftari macho mekundu. Mkikuta shule inayozima taa saa 3:45 na kuamsha saa 11:45, ishikeni.

Msidhani kutwa ndiyo dawa, maana basi nalo linakula usingizi. Ulizeni gari linaanzia wapi na mwanenu atakuwa wa ngapi kupanda. Katika njia nyingi anayepandishwa wa kwanza alfajiri ndiye anayeshushwa wa mwisho jioni, kwa sababu gari huanzia mbali likirudi shuleni, na jioni hurudi njia ile ile kinyume. Mtoto anayepanda saa 11 alfajiri na kushuka saa 1 usiku hula, huoga, na daftari hulifungua saa 3. Kipimo changu ni hiki: safari ya kwenda na kurudi ikizidi saa tatu kwa siku, bweni lina nafuu, hata kama moyo unauma. Ikiwa chini ya saa mbili, na nyumbani kuna meza, taa, na mtu mzima wa kuuliza "leo mmesoma nini, nionyeshe", basi mtoto arudi nyumbani. Huyo mtu mzima ana uzito kuliko meza.

Sasa jambo ambalo huwaumiza sana watoto wa kutwa bila mzazi kujua. Prepo ni muda wa mwanafunzi kujisomea mwenyewe, mwalimu wa zamu akiwa karibu kwa maswali. Shule nyingi huigeuza kipindi. Mwalimu aliyechelewa kumaliza silabasi huingia usiku na mada mpya, huandika noti ubaoni, na asubuhi huendelea pale alipoishia usiku. Wa kutwa anaingia darasani akikuta mlango wa mada umeshafungwa. Ukiuliza ofisini utaambiwa "usiku ni marudio tu." Usibishane. Omba daftari mbili za somo moja, darasa moja: moja ya mtoto wa kutwa, nyingine ya mtoto wa bweni. Fizikia au Kemia zinafaa zaidi. Fungua kurasa za wiki mbili zilizopita, soma tarehe na vichwa vya mada. Ikiwa daftari la bweni lina kurasa nne za Jumatano ambazo la kutwa halina, au la kutwa lina kurasa zilizonakiliwa kwa haraka, bila michoro, kwa kalamu ya rangi nyingine, umepata jibu lako. Shule iliyopangika huwa na kanuni iliyo wazi kwamba usiku hakuna mada mpya, na mwalimu wa taaluma hupita kuhakikisha.

Ulizeni pia kuhusu kambi. Zipo shule zinazowalazimisha wanafunzi wote wa kidato cha pili na cha nne kuhamia bweni miezi ya mwisho kabla ya mitihani ya taifa, pamoja na likizo. Mzazi aliyechagua kutwa kwa sababu ya bajeti hujikuta Julai akidaiwa godoro, chakula na ada ya kambi. Kambi si kosa, ila gharama yake iandikwe tangu Januari, pamoja na karatasi, mitihani ya majaribio, sare za michezo na fedha ya tahadhari (amana ya kufidia uharibifu). Ada kwa kawaida hugawanywa awamu nne. Ya kwanza ndiyo nzito, na michango midogo hujificha katika ya pili.

Kuhusu ufaulu, msiridhike na bango la getini. Baraza la Mitihani huweka hadharani matokeo ya kila shule, na humo mna idadi ya watahiniwa. Chukueni matokeo ya kidato cha pili ya mwaka 2022 na ya kidato cha nne ya mwaka 2024 ya shule hiyo hiyo. Ni kundi moja la watoto. Tuseme kidato cha pili walikuwa 92, kidato cha nne wakawa 61. Wale 31 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi, wachache wamerudia darasa, lakini pengo kubwa namna hiyo huwa ni mchujo: wastani umepandishwa, asiyeufikia ameambiwa atafutiwe shule. Daraja la kwanza la waliobaki halikuambii shule inafanya nini na mtoto wa kawaida. Waulizeni waziwazi wastani wa kuvuka darasa ni upi, na asiyeufikia husaidiwa vipi kabla ya kuondolewa.

Tuingie bwenini. Naanza na moto, kwa sababu mengine yote yanarekebishika. Mwaka 2001 katika shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Septemba 2020 watoto 10 walikufa bwenini kwetu Kyerwa, Kagera. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 una vipimo ambavyo mzazi yeyote anaweza kwenda navyo mkononi: mlango wenye upana wa futi 5 unaofunguka kwa nje, mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, madirisha yasiyo na nondo, nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita 2. Nenda na futi ya fundi, pima. Kisha simama mlangoni utazame komeo. Likiwa upande wa nje na kufuli linaning'inia hapo, uliza usiku ufunguo anakaa nao nani. Jibu la "matroni, na nyumba yake ni ile pale ng'ambo ya uwanja" linatosha kukurudisha nyumbani na fomu yako. Mtungi wa kuzimia moto kwa kawaida una mshale mdogo kwenye saa yake ya kupimia mgandamizo. Uwe kwenye rangi ya kijani, na kadi yake iwe na tarehe ya ukaguzi. Halafu muulize mwanafunzi, asiulizwe mwalimu: mara ya mwisho mlifanya lini zoezi la kutoka bwenini usiku?

Maji ni hesabu nyepesi. Shirika la Afya Duniani huweka lita 20 kwa siku kwa kila anayelala shuleni na lita 5 kwa wa kutwa, vyoo vya kuvuta maji vikiwa nje ya hesabu hiyo. Shule yenye 300 wa bweni na 200 wa kutwa inahitaji lita 6,000 na 1,000, jumla 7,000 kila siku. Tanki mbili za lita 10,000 zinaonekana kubwa, lakini bomba likikatika zinakwisha ndani ya siku tatu. Ndipo foleni ya ndoo inapoanza saa 9 usiku na usingizi unapungua tena. Vyoo navyo vihesabiwe: kipimo cha hapa nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa wasichana tazama kama kuna komeo la ndani, maji, na pipa lenye mfuniko.

Ugonjwa unaosumbua mabweni kuliko wazazi wanavyodhani ni upele. Unaanza kwa mmoja kukwaruza katikati ya vidole na kiunoni usiku, na baada ya mwezi bweni zima linajikuna. Kosa la kawaida ni kumpaka dawa mmoja mmoja kadiri anavyolalamika. Aliyepona leo anaambukizwa kesho na jirani wa kitanda cha juu. Wanaolala chumba kimoja wapakwe siku moja, hata wasiowashwa, toka shingoni hadi nyayo, na shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya tiba kufaulu, kwa hiyo mtoto asipakwe upya kila siku hadi ngozi ikababuka. Muulize matroni upele wanautibu vipi. Akikujibu "siku moja, wote", huyo anaijua kazi yake.

Jikoni tazama maharage. Yale mekundu yasipoiva sawasawa yana sumu inayotapisha na kuharisha, na bweni zima linaweza kuugua usiku mmoja. Yalowekwe kwa muda wa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu. Kuni zikiwa chache, mpishi huyaacha kwenye moto mdogo, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Magadi hulainisha ganda, hayachukui nafasi ya moto.

Mpaka kati ya makundi mawili ndiyo kazi ngumu ya shule hizi. Wa bweni hana simu wala hatoki, wa kutwa anatoka kila siku. Basi anatumwa: kadi ya simu, chipsi, chaja, barua. Likikamatwa jambo, lawama humwangukia wa kutwa, naye alikuwa akiombwa na watano kwa wiki. Kupekua mabegi getini peke yake hakusaidii. Kinachosaidia ni kuziba haja yenyewe: duka dogo ndani lenye bei za mtaani, simu ya matroni yenye zamu ya kila mtoto Jumamosi au Jumapili, na fedha ya matumizi inayotunzwa na kuandikwa kwenye daftari lenye sahihi ya mtoto.

Fimbo nayo iulizwe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Ombeni kukiona hicho kitabu. Waulizeni pia nani yuko na watoto baada ya saa 4 usiku, maana hapo hamna mwalimu wa zamu.

Kama bado mnasita, anzeni na kutwa muhula wa kwanza, lakini kabla ya kulipa pateni kwa maandishi mambo mawili: nafasi ya bweni itakuwepo Julai, na anayehama kutoka bweni kwenda kutwa katikati ya mwaka hurudishiwa kiasi gani cha fedha ya chakula. Mkichagua bweni, tranka iwe ya bati yenye kufuli la funguo mbili, moja ikae kwa matroni ndani ya bahasha yenye jina. Godoro liwe futi 2.5 kwa 6, mkipime kwanza kitanda. Likiwa pana kuliko chaga, wa juu kwenye deka (kitanda cha ghorofa) analala ukingoni. Chandarua kiwe cha mstatili, kile cha duara hakina pa kuning'inia kwenye deka. Jina liandikwe kwa rangi ya mafuta ndani ya ndoo, siyo nje; la nje hufutwa kwa mchanga wiki ya kwanza.