Mchungaji amekosa, mweka hazina anyamaze?

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu hapa Busia, upande wa Uganda. Februari mchungaji alichukua shilingi 600,000 za mfuko wa mabati akalipa karo ya watoto wake. Ameniungamia kwa machozi, akanisihi nisimwambie mtu. Mzee aliyeshtukia jambo hilo anasema tusimguse mtiwa mafuta wa Bwana. Nifanyeje?

JIBU: Mama, machozi hayo usiyadharau. Anayeungama kabla hajakamatwa si sawa na anayefuta hesabu vitabuni. Lakini siri hiyo si mzigo wako. Mwisho wa mwaka utalazimika kuandika uongo kwenye hesabu, na sahihi itakuwa yako.

Mpe siku saba aende mwenyewe kwa kamati, nawe umsindikize akitaka. Asipokwenda, rudi kwake na shahidi mmoja, halafu ndipo kamati, kama ilivyo Mathayo 18:15-17. Kamati iandike kiasi, tarehe na namna ya kulipa: shilingi 50,000 kila mwezi humaliza deni kwa miezi 12. Pesa zitoke mfukoni mwake, ziingie benki, karatasi ya benki ibaki kwenye faili. Hapo ndipo makanisa mengi hukwama, kwani deni huja kuzibwa kwa sadaka ya shukrani, na waumini wakawa wamenunua mabati yaleyale mara mbili.

Kisha waliochanga waambiwe. Isiwe ile toba ya "mimi ni binadamu, niombeeni", watu walie, wapige vigelegele, na hakuna aliyesikia 600,000. Wazee wa uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulioenea Uganda tangu miaka ya 1930, walilijua hili vizuri: kutembea nuruni kulikuwa kulitaja kosa kwa jina lake na kurudisha ulichochukua.

Mzee wenu anayesema msimguse mtiwa mafuta anatumia Zaburi 105:15 vibaya. Mstari ule unahusu Mungu kuwakataza wafalme kuwadhuru Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wanaohamahama. Daudi naye alitiwa mafuta, na alipotenda dhambi nabii Nathani alimkabili uso kwa uso.

Sasa ulizeni pia karo ililipwaje miaka iliyopita. Mchungaji asiye na posho inayojulikana, funguo za sanduku ziko kwake, watoto wamefukuzwa shule: mmemweka pabaya. Pangeni posho, hata kama ni ndogo, iandikwe. Funguo apewe mtu mwingine. Sadaka ihesabiwe palepale baada ya ibada na watu watatu wasio wa nyumba moja, noti za 50,000 peke yake, za 20,000 peke yake, hadi sarafu. Wote watatu watie sahihi kabla ya kuinuka mezani, na Jumatatu pesa ziende benki. Kutoa benki kuhitaji sahihi mbili, na ya mchungaji isiwemo. Pengo kubwa siku hizi ni sadaka ya simu inayoingia kwenye laini yake binafsi. Sajilini laini ya kanisa, na kila mwezi kamati isome taarifa yake mstari kwa mstari.

Haya ni ya pesa. Mtoto akiguswa au mwanamke akilazimishwa, hakuna siku saba wala kamati. Ni polisi siku hiyohiyo, na kumhamishia mhusika parokia nyingine ni kuwapelekea wengine hatari.

SWALI: Mimi ni mchungaji, Kasese. Nilimtukana mzee wa kanisa kwenye kikao cha kamati. Niombe radhi mimbarini?

JIBU: Hapana, mchungaji. Toba ifike pale kosa lilipofika. Petro alikosea hadharani kule Antiokia alipojitenga na waumini wasio Wayahudi, hata Barnaba akachukuliwa na unafiki huo, ndiyo maana Paulo alimkemea mbele ya wote. Lako lilisikika kikaoni. Nenda kwanza nyumbani kwa mzee huyo, kisha kwenye kikao kijacho omba nafasi kabla ya ajenda ya kwanza. Litaje neno ulilosema. Usiongeze "lakini alinichokoza", wala usimtake akusamehe palepale mbele ya watu. Katibu aliandike kwenye kumbukumbu za kikao.