Anza na Sebule: Ushauri kwa Fundi Anayetaka Kubuni na Kuuza Spika za Umeme Tuli

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa kijana wa Tanga ambaye amekwisha kutengeneza jozi yake ya kwanza ya spika za umeme tuli na sasa anataka kuziuza. Aliniamkia kwa adabu, akaniita mwalimu, kisha akauliza mambo mawili tu: atumie volti ngapi, na aziuze kwa bei gani. Nilichelewa kumjibu kwa sababu majibu yote mawili yanategemea jambo ambalo hakuliuliza, nalo ni chumba ambamo spika hizo zitakaa. Najua wengi wenu mnaonisoma mna hamu kama yake, ndiyo maana nimeona nijibu hadharani.

Namna spika hizi zinavyofanya kazi mnaijua, kwa hiyo nitaipitia haraka. Hakuna koili, hakuna sumaku, hakuna koni ya karatasi. Kuna utando wa plastiki wenye unene wa maikromita chache, ambao umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana na kuwambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya sahani mbili za chuma zenye matundu. Utando unapewa chaji ya maelfu ya volti, na muziki unapandishwa volti kwa transfoma kabla ya kufika kwenye sahani, hivyo sahani moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Utando wa maikromita 6 wenye eneo la mita mraba moja hauzidi gramu 9, na ndiyo sababu unaitika upesi kuliko koni yoyote. Mtu akisikia fidla ikipita kwenye utando huo kwa mara ya kwanza, hunyamaza. Nimeliona hilo kwa watu ambao hawakuwa na nia ya kununua chochote.

Matatizo huanza pale fundi anapodhani kwamba ukimya huo unatosha kuuza.

Paneli, yaani utando na sahani zake zikiwa kwenye fremu, ikiwa pana na bapa hupeleka sauti nyembamba mbele yake tu. Katika masafa ya hezi 10,000 urefu wa wimbi ni kama sentimita 3 na nusu, na uso unaotoa sauti ukiwa mpana mara nyingi kuliko wimbi lenyewe, sauti haitawanyiki. Inakwenda mbele moja kwa moja. Anayekaa katikati anasikia kila kitu, na anayekaa pembeni anasikia sauti iliyofifia. Peter Walker, mwanzilishi wa kampuni ya Quad huko Huntingdon, Uingereza, alitoa sokoni spika yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1957, na tatizo hilo lilikuwamo. Mradi uliofuata aliuanza mwaka 1963 na spika yenyewe ikaingia sokoni mwaka 1981. Siri ya spika hiyo ya pili ilikuwa kuzigawa sahani katika pete zinazozungukana na kuichelewesha sauti kidogo kutoka pete ya kati kwenda za nje, hadi msikilizaji akahisi kwamba sauti inatoka kwenye nukta moja iliyo kama sentimita 30 nyuma ya utando. Wamarekani wa kampuni ya MartinLogan, kule Kansas, walichagua njia nyingine, wakaikunja paneli yenyewe ili isambaze sauti kwa upana. Wote hao walikuwa wanapambana na viti vya wasikilizaji.

Sasa tazama sebule zetu. Makochi yamepangwa kuzunguka kuta, televisheni iko mahali pa heshima, mgeni anakaa karibu na mlango, na mwenye nyumba mara nyingi anakaa pembeni kabisa. Hakuna kiti cha katikati. Mtu anayebuni spika ya kiti kimoja kwa ajili ya nyumba kama hiyo anabuni spika ambayo mnunuzi wake hataisikia hata siku moja akiwa nyumbani kwake. Mimi niliamua kugawa paneli yangu katika vipande vyembamba vya kusimama wima, vilivyopangwa kwa pembe ndogo ndogo hadi uso wote ukapata mpindo wa nyuzi kama 30. Kazi ya fremu ilikuwa ngumu, na fundi seremala wangu wa Keko, Dar es Salaam, ambaye kwa mninga hana mpinzani, aliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini nisitengeneze kabati tu kama watu wengine. Hata hivyo mpindo ule umeniuzia kuliko sifa nyingine yoyote ya spika zangu, na ninajivunia kusema hivyo.

Sebule zetu zina faida moja pia, ambayo hatuisemi vya kutosha. Paneli ya wazi hutoa sauti mbele na nyuma na hutoa kidogo sana pembeni, juu na chini. Katika chumba chenye sakafu ya vigae, kuta za saruji na dari ngumu, ambamo spika ya boksi hupiga kelele za mwangwi kila upande, paneli haizigusi sana nyuso hizo. Inabaki sauti ya nyuma tu, na hiyo unaitunza kwa kuiweka paneli mbali na ukuta, angalau mita moja, kisha kutundika pazia zito nyuma yake. Mteja asiyekuwa na mita hiyo moja usimuuzie. Nalisema hili kwa uzito wote.

Kuhusu besi, msidanganyane. Kwa kuwa sauti ya nyuma iko kinyume na ya mbele, mawimbi marefu huzunguka ukingo wa paneli na kufutana, na paneli yenye upana wa sentimita 30 huanza kupoteza nguvu ikiwa bado kwenye mamia ya hezi. Unaweza kutengeneza paneli kubwa kama mlango, au unaweza kuongeza sabufa, yaani spika ya pekee ya besi. Nilichagua sabufa, na hapo ndipo kazi halisi ya usanifu ilipo, kwa sababu vitu hivi viwili havisafiri sawa chumbani. Paneli ndefu hupungua kama desibeli 3 kila umbali unapoongezeka maradufu, wakati sabufa, ikiwa mbali na kuta, hupungua kama desibeli 6. Maana yake ni kwamba ukizilinganisha ukiwa umekaa mita 2 mbele yake, mtu wa mita 4 atasikia paneli nyingi na besi chache, na atasema spika hazina uzito. Weka kitasa cha kurekebisha besi mahali ambapo mteja anaweza kukifikia, mfundishe kukitumia akiwa kwenye kiti chake, na chagua sabufa ndogo iliyofungwa, isiyo na tundu, kwa sababu ile besi ya kuvuma inayopendwa kwenye daladala huweka wazi mara moja kwamba sehemu mbili za mfumo hazikuzaliwa pamoja.

Kisha kuna unyevu. Vitabu na michoro mingi tunayoitumia imeandikwa na watu ambao hewa yao ni kavu, na sisi wa pwani tunafanya kazi kwenye joto la jasho na upepo wa chumvi. Baadhi ya dawa za kupaka utando hunywa unyevu wa hewa na kuanza kupitisha umeme kupita kiasi. Chaji hutembea juu ya utando badala ya kutulia, na sauti huchafuka. Vumbi lenye chumvi likikaa kwenye kingo, chaji huvuja kuelekea kwenye sahani, volti inashuka, na spika inakuwa bubu kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo dawa isifike ukingoni mwa fremu, sahani zipakwe rangi ya unga iliyochomwa vizuri kwenye kila tundu, na kitambaa chepesi kifunike pande zote mbili, kwa sababu wakati wa kumbikumbi mdudu yeyote anayejipenyeza atasikika akipasuka katikati ya wimbo.

Volti sasa. Kwa nafasi ya milimita 1.6 kati ya utando na kila sahani mimi natumia volti 3,000, kwa sababu hewa huanza kupasuka kwenye volti kama 3,000 kwa kila milimita na ni lazima kuiachia nafasi volti ya muziki inayoongezeka juu ya hiyo.  Anayeishi Tanga, kwenye unyevu, asithubutu kupanda zaidi. Utando uungwe mkono kila baada ya sentimita 10 hadi 15, vinginevyo utavutwa na kugandamana na sahani moja, na kwa kuuvuta sijaona kifaa kinachozidi tyubu ya baiskeli iliyozungushwa kwenye fremu na kujazwa upepo taratibu, kwa kuwa huvuta pande zote kwa usawa.

Nitasema neno moja la usalama, kwa sababu wengi huogopa kitu kisicho chenyewe. Chaji ya utando inapita kwenye rezista ya megaomu 20, na kwa volti 3,000 mkondo wake hauwezi kuzidi miliampea 0.15, itakushtua tu. Kinachoweza kuua ni upande wa juu wa transfoma ya muziki, kwa kuwa nyuma yake kuna amplifaya yenye nguvu za kutosha. Usiguse kitu chochote nyuma ya paneli muziki ukipiga, na usimruhusu mwanafunzi wako aguse. Amplifaya yenyewe ichaguliwe kwa makini vilevile, kwa sababu paneli ni kapasita, yaani kifaa cha kushika chaji, na kizuizi chake kwa umeme huporomoka kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, hadi omu 1 au 2 kwenye hezi 20,000. Amplifaya nyingi za bei nafuu kutoka Kariakoo hujizima hapo. Rezista ya omu 1 mbele ya transfoma husaidia, na mteja aelezwe jambo hili kabla hajatoa pesa.

Sasa nifike kwenye kuzindua, ambako ndiko nilikoumia.

Nilipokuwa na jozi niliyoridhika nayo, mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya muziki mjini, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, alikubali kuziweka dukani kwake. Nilimpa maelekezo ya maandishi. Nilipopita baadaye nilizikuta zimebanwa ukutani katikati ya spika za boksi, zimeunganishwa na amplifaya ndogo ya redio, sabufa imezimwa kwa sababu, kama alivyonieleza, waya wake ulikuwa unachafua mandhari. Wateja walikuwa wanaambiwa kwamba hizi ni spika za pambo. Mmoja aliuliza mbele yangu kama zile ni vipoza hewa, na mwenye duka akacheka pamoja naye. Miaka imepita na bado kicheko kile nakikumbuka, na sioni aibu kukiri kwamba kila jozi ninayoikabidhi kwa mteja hunifanya nimfikirie yule bwana kidogo.

Tangu hapo sijaweka spika dukani. Ninazionesha kwenye sebule niliyoipanga mwenyewe, au kwenye sebule ya mteja, kwa miadi, na watu wawili au watatu tu kwa wakati. Ninaanza na taarabu ya zamani, yenye udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na sauti ya mwanamke, kwa sauti ya wastani, kwa sababu masikio ya watu wa huku yanaijua kanuni na hayawezi kudanganywa. Sipigi bongo fleva kwanza. Kabla mtu hajaniuliza, ninamwambia kwamba spika hizi hazifai kwa sherehe ya uani, hazitatikisa madirisha, na hazipendi kusukumwa ukutani. Anayeondoka baada ya maneno hayo alikuwa ataondoka tu, tena akiwa na hasira na spika zangu mkononi.

Vijana wenzangu, nawasihi mliangalie hili kwa dhati. Mnatumia usiku mwingi kutafuta utando mwembamba zaidi na volti za juu zaidi, mnapiga picha za cheche gizani na kuzituma kwenye makundi ya simu, lakini hamjui mteja wenu anakaa wapi anaposikiliza. Nendeni mkapime sebule. Pimeni umbali wa kochi hadi ukuta, ulizeni nani hukaa wapi, tazameni dirisha linafunguka upande gani na upepo wa bahari unaingilia wapi, kisha ndipo mchore paneli. Ubunifu usioanza na sebule ni mchezo wa karakana, na sisemi kwamba mchezo ni mbaya, ila msiuite biashara.

Bei ninayoipanga haihesabu vifaa na kazi pekee, bali inaingiza ndani yake mwaka mzima wa huduma. Baada ya masika nakwenda mwenyewe kwa mteja, nazima umeme, nasubiri chaji ishuke, navuta vumbi kwa brashi laini na mashine, napima volti ya utando na kuilinganisha na ile niliyoiandika siku ya kukabidhi. Ikiwa imeshuka sana nachukua kipande kilichochoka na kuacha cha akiba mahali pake, na kwa sababu paneli imegawanywa katika vipande, kazi hiyo inamalizika asubuhi moja bila kuibeba fremu yote kurudi karakana. Usipoweza kumhudumia mteja aliye Moshi, usimuuzie aliye Moshi. Uza mtaani kwako kwanza, kwa bei inayokuwezesha kurudi.