Ukipima mabaki ya viumbe kwenye mashapo ya mto, usiishie kwenye asilimia

Wanafunzi wanaoanza kuchunguza utando wa chakula mtoni mara nyingi huniletea jedwali lenye safu moja tu: asilimia ya mabaki ya viumbe kwenye mashapo. Kazi ya kuipata si ndogo, lakini safu hiyo peke yake hainionyeshi kaa, wadudu na samaki wana chakula kiasi gani.

Tuseme bomba lako la kuchotea mashapo lina kipenyo cha sentimita 10, yaani linafunika sentimita za mraba 78.5. Kwenye kidimbwi cha tope linatoa gramu 50 za mashapo makavu yenye asilimia 5. Kwenye mchanga, kwa kina kilekile, linatoa gramu 200 zenye asilimia 2. Kidimbwini kuna gramu 2.5 za mabaki, mchangani gramu 4. Ukikokotoa kwa mita ya mraba, ni kama gramu 318 kwenye tope na 510 mchangani. Aliyefuata asilimia atasema chakula kingi kiko kwenye tope. Kwa hiyo andika eneo na kina cha bomba palepale mtoni.

Maabara ni rahisi zaidi. Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, pima, choma kwa nyuzi 500 kwa saa nne, acha vipoe bila kunyonya unyevu, pima tena. Kilichopungua ndicho mabaki ya viumbe. Ila uwe macho na udongo wa mfinyanzi: una maji ndani ya chembe zake, nayo hutoka tanurini yakahesabiwa kama chakula. Mimi hudondoshea majivu maji safi kidogo ili udongo huo urudishiwe maji yake, nikayakausha upya kabla ya kupima. Na usizidishe moto, maana chokaa nayo itaanza kupoteza uzito.

Kabla ya kuchoma, chekecha kwa tundu la milimita 1 ili utenge vipande vikubwa na chembe ndogo. Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Kwenye Nyangores na Amala, vijito vinavyoulisha mto Mara kutoka msitu wa Mau nchini Kenya, majani ya miti huangukia majini na kaa wa maji baridi huyatafuna. Huko chini kuna viboko: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni kilo 36,200 za kinyesi kibichi kila siku. Hicho ni nyasi iliyokwisha kusagwa, na wanaokila ni walaji wa chembe ndogo, kama lava wa usubi wanaochuja maji, si wale wanaotafuna majani. Ukichanganya vipande vikubwa na chembe ndogo, tofauti hiyo imepotea.

Tanuri halisemi mabaki yametoka wapi. Weka fungu lisilochomwa kwa ajili ya isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito: kwa kipimo cha δ13C (sehemu kwa elfu), nyasi za savana huwa karibu −12, majani ya miti karibu −28. Fungu hilo libebe kwenye barafu na uligandishe siku hiyohiyo, kwani bakteria huendelea kulioza ndani ya mfuko. Na pale Mara usishuke ukingoni bila askari wa wanyamapori, hata kama maji ni ya magotini.