Alama za vidole zinaweza kumsingizia mtu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kuna washkaji zangu wawili hawaachi kubishana, mmoja anasema alama za vidole ndo ushahidi wa mwisho mana hakuna watu wawili wenye alama sawa, hata mapacha, mwingine anasema kuna watu washawekwa ndani kimakosa kwa alama hizo hizo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote, ila kila mmoja anaongelea kitu chake. Mapacha wa kufanana kweli alama zao zinatofautiana, hapo hamna ubishi. Sasa ile inayopatikana eneo la tukio mara nyingi ni kipande tu, imeburuzika au imepandiana na nyingine, alafu ndo inalinganishwa na ile safi iliyochukuliwa kwa wino au skana. Kompyuta yenyewe inatoa orodha tu ya wanaokaribiana, anayesema "ni huyu hapa" ni binadamu.

Mfano ni Brandon Mayfield, wakili wa Oregon kule Marekani. Baada ya mabomu ya treni Madrid, Machi 2004, ilipatikana alama kwenye mfuko wa plastiki wenye vifaa vya kulipulia mabomu, kompyuta ya FBI ikatoa watu 20, yeye akiwa wa 4, na wataalamu wao watatu wakasema ni yake, hata mtaalamu wa nje aliyeletwa na mahakama akakubali! Polisi wa Hispania walikuwa washasema hapana tangu Aprili lakini jamaa akakamatwa Mei, akakaa wiki mbili mpaka Wahispania walipomtambua mwenye alama yenyewe, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani ikaomba radhi na kulipa dola milioni 2.

Kinachonitisha mimi ni jinsi wale wataalamu wa kuhakiki walivyoangalia huku wanajua wa kwanza kasema nini. Mtafiti Itiel Dror na wenzake (2006) waliwapa wataalamu watano alama ambazo wao wenyewe miaka ya nyuma walishasema zinalingana, safari hii wakaambiwa ndo zile za kesi ya Mayfield, basi watatu wakasema hazilingani, mmoja akasema haitoshi kuamua, mmoja tu ndo alibaki na jibu lake. Alama ni zile zile jamani.

Ila tusiitupe kazi yao yote. Mwaka 2011 wataalamu 169 walipimwa Marekani, kumuunganisha asiyehusika ilitokea kama 0.1% tu, kumkosa anayehusika ikafika 7.5%, yani wanakosea zaidi kwa kumwachia mtu.

Kwahiyo mtaalamu akija mahakamani na "asilimia mia", wakili amuulize aliyehakiki alikuwa anajua jibu la mwanzo au hakujua, na kipande chenyewe kilikuwa na ubora gani. Alafu amuulize na siku, mana hata ikiwa ya kwako kweli, alama ya kwenye kitasa haisemi ulikishika lini.