Nimeswali istikhara miezi minne, na barua ya kuacha kazi bado iko kwenye simu

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, na huu ni mwaka wa sita. Kazi yenyewe ni halali, lakini mkubwa wangu hunitukana mbele ya wateja, mshahara huchelewa, na ikifika Jumapili usiku moyo hunienda mbio nikakosa usingizi. Barua ya kuacha kazi nimeiandika kwenye simu zamani, sijaipeleka. Wiki iliyopita nilivuka na feri kutoka Likoni, nikashindwa kupanda matatu ya kwenda kazini, nikakaa ufukweni Mama Ngina kutazama meli mpaka saa nne, kisha nikapiga simu nikasema nina malaria. Binamu yangu mwenye duka la vipuri Mwembe Tayari ameniita mara mbili nikafanye naye kazi. Sijaenda hata kumsikiliza. Naswali istikhara kila usiku, mwezi wa nne huu, na sijaoteshwa kitu. Nina mke, watoto wawili, na deni la shilingi 60,000 ninalodaiwa na kaka yangu. Je, hofu hii ni upungufu wa imani? Na nikiondoka bila kuona ishara nitakuwa nimekosea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona hilo ndilo lililokufunga miguu.

Hadithi ya istikhara, swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo kheri, ameipokea sahaba Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amridhie, nayo imo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Anasema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani, akiwaambia kwamba mmoja wenu akikusudia jambo, basi na aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aombe. Lizingatie neno hilo la mwanzo, akikusudia. Kusudio limetangulia, swala ikafuata. Kisha itazame dua yenyewe: mja anamwambia Mola wake kwamba, ikiwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unisahilishie, na ikiwa ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo. Hakuna ndoto ndani yake, wala rangi ya kijani, wala ndege kutua dirishani. Kilichoombwa ni kusahilishiwa au kuepushwa, na mambo hayo mawili humfikia mtu aliyekwisha kuinuka na kwenda. Aliyekaa kitandani hasahilishiwi safari. Niruhusu nikwambie kwa uwazi, kwa kuwa umeniuliza kwa uwazi: nachelea kwamba hukuswali istikhara kwa ajili ya kwenda Mwembe Tayari, umeiswali ili usiende.

Na kwa kuwa mji wetu haukosi watu, akitokea wa kukwambia kwamba atakufungulia kitabu aone nyota yako na ya kazi yako zinapatana vipi, mpite. Imo katika mkusanyo wa hadithi wa Muslim kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Sina la kuongeza hapo.

Ama hofu, si dalili ya upungufu wa imani, na ningependa uisome tena Surat al-Qasas kuanzia aya ya 21 kwa utulivu, maana wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa na hatujapata kukaa nayo. Nabii Musa, amani imshukie, alitoka mjini hali ya kuwa na hofu, akiangalia huku na huku, akamwomba Mola wake amwokoe na watu madhalimu. Qur'ani haisemi kwamba alingoja hofu imwishe ndipo atoke. Inasema alitoka nayo. Akafika kwenye maji ya Madyan hana nyumba wala mwenyeji, akawanyweshea wanyama wao mabinti wawili aliowakuta hapo bila ya kuahidiwa ujira, kisha akarudi kivulini akasema kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote ambayo Mola wake atamteremshia. Baada ya hapo ndipo alipoitwa, akasimulia kisa chake, na akaambiwa na mzee, baba wa mabinti wale: usiogope, umekwisha okoka na watu madhalimu. Neno la kumtuliza lilimkuta safari imekwisha, si kabla ya kuianza. Na lililofuata, utaona, ni mkataba wa kazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Kila nikiifikia aya ile hustaajabu jinsi masharti yalivyowekwa wazi tangu mwanzo, pande zote mbili zikijua kinachotakiwa, nikakumbuka ni vijana wangapi wa hapa Mombasa wanaofanya kazi miaka mitano hawajawahi kushika karatasi yenye jina lao.

Hofu basi haina lawama, lakini kuitii kila inapoamrisha ni jambo jingine. Mtume alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na mambo manane kwa pamoja, kama alivyopokea sahaba Anas: wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu. Nilipoisoma barua yako niliyaona mengi ya hayo, hata deni na huyo mkubwa wako. Wanavyuoni wameeleza kwamba neno lililotumika kwa wasiwasi humaanisha dhiki ya jambo lisilofika bado, na huzuni ni ya lililokwisha pita. Wewe Jumapili usiku unateswa na Jumatatu ambayo haijaja. Sasa itazame ile asubuhi ya Mama Ngina. Ulipoamua kutopanda matatu, bila shaka ulipata nafuu, pumzi ikashuka, ukaziona meli zikiingia Kilindini kwa raha. Nafuu hiyo ndiyo mtego, kwa sababu moyo ulijifunza kwamba ulichokikimbia kilikuwa hatari kweli, na Jumatatu iliyofuata ukadai kukimbia tena, mapema zaidi. Kisha kukimbia kukazaa uongo. Malaria hukuwa nayo. Tubu kwa hilo, nenda kaombe siku ile ikatwe katika likizo yako ya mwaka, ambayo kwa sheria ya Kenya haipungui siku 21 za kazi, ili usile ujira wa siku usiyoifanyia kazi. Hilo linaweza kuwa jambo la kwanza gumu utakalomwambia mkubwa wako bila kukimbia, nalo ni dogo kuliko barua.

Watakuja watu wakwambie usubiri. Subira ni ibada tukufu, lakini hakuna aliyefaradhishiwa kubaki mahali anapotukanwa hali mlango wa halali uko wazi. Mkataba wa kazi ni makubaliano, na makubaliano huvunjwa kwa taratibu yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya kwanza ya Surat al-Maida kutimiza ahadi, na kwa hivyo haikufalii kupokea mshahara mwisho wa mwezi na kuzima simu tarehe mosi, kama ninavyosikia ikifanywa. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa ilani ya maandishi ya siku 28; ikiwa mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi, fuata mkataba. Nawe una haki zako, kulipwa siku ulizofanya kazi na kupewa cheti cha utumishi, na kudai haki si utovu wa adabu.

Wala sikuambii uipeleke barua kesho. Imepokewa na Abu Daud kwamba yatosha kuwa dhambi mtu kuwapoteza wale anaowalisha. Ndege waliopigiwa mfano wa tawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, katika hadithi ya Tirmidhi hutoka asubuhi na matumbo matupu; hutoka, mwanangu. Kwako wewe kutoka ni kwenda Mwembe Tayari Jumamosi hii baada ya Alasiri, kusikiliza tu. Huendi kukubali wala kukataa. Muulize binamu yako atakulipa kiasi gani, siku gani, na kazi yenyewe ni ipi, dukani au kuzunguka kutafuta wateja, na muyaandike hata kama mlinyonya ziwa moja, maana undugu usioandikiana ndio unaojaza baraza zetu kesi za mali.

Barua yako haisemi kama mkeo anajua. Katika Surat Aali Imran, aya ya 159, mashauriano yametajwa kwanza, kisha kuazimia, kisha kutegemea. Kaa naye Ijumaa usiku na kalamu, mwandike kodi ya nyumba, karo, chakula, nauli ya kila siku, na deni la kaka yako. Nenda kwa kaka yako kabla hajasikia kwa watu, umwambie utamlipa kiasi gani kila mwezi katika hali mpya. Na ikiwa mapigo ya moyo na kukosa usingizi vitaendelea wiki mbili tatu nyingine, mwone daktari, kwani tumeamrishwa kujitibu.

Istikhara iswali Jumamosi usiku, ukisharudi dukani na kiwango cha mshahara unakijua, ukimtajia Mola wako jambo lenyewe kwa jina lake. Ukimaliza, lala.

Wallahu aalam.