Ruta mbili kwenye nyumba moja ya wageni: kwa nini zinagombana

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Ujiji. Ruta tuliyofungiwa na kampuni ya intaneti iko mapokezi, na vyumba vya nyuma haifiki. Nikanunua nyingine, ya mtumba, nikavuta waya kutoka ile ya mapokezi mpaka korido ya nyuma, nikachomeka. Sasa ni vurugu tupu. Mgeni mmoja anapata intaneti, wa chumba cha jirani simu inamwandikia imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Nikiandika 192.168.1.1 ili niingie kwenye setingi za ruta yangu, mara inafunguka ya kampuni, mara ya kwangu, mara haifunguki kabisa. Je, nimeuziwa mbovu?

JIBU: Nzuri, dada. Ruta yako ni nzima. Hayo uliyoeleza kuhusu 192.168.1.1 yanatosha kuonyesha tatizo lilipo.

Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani ile ile, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikiwa moja ndani ya nyumba, hakuna shida. Ukiziunganisha mbili zenye anwani moja, ni sawa na vyumba vyako viwili kuandikwa namba 5 vyote: anayeelekezwa namba 5 atagonga ule mlango aliokutana nao kwanza. Ndiyo maana ukurasa wa setingi unabadilika badilika.

La pili ni kubwa zaidi. Kila ruta ina kazi ya kuzigawia simu na kompyuta anwani, kazi inayoitwa DHCP. Pamoja na anwani, simu inaelekezwa pia mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti. Kwako wagawaji ni wawili, na wote wanatoa jibu moja: tokea 192.168.1.1. Simu ikiangukia kwa ruta ya mapokezi, inapata intaneti. Ikiangukia kwa ya nyuma, inagonga ukuta, kwa sababu naamini waya uliuchomeka kwenye moja ya yale matundu yanayofanana yaliyoandikwa LAN, siyo lile la pembeni lililoandikwa WAN, la kuingizia intaneti. Wala hukukosea tundu. Acha hapo hapo, tunachobadilisha ni setingi.

Kwanza chomoa waya unaounganisha ruta mbili. Usiruke hatua hii, maana bila hiyo unaweza kubadilisha setingi za ruta ya kampuni ukidhani ni yako. Kwa kuwa yako ni ya mtumba, irudishe kwenye hali ya kiwandani: kuna kitundu kidogo nyuma, ingiza pini ubonyeze kama sekunde 10 mpaka taa zizimike na kuwaka upya. Jina la waifai na nenosiri la kuanzia vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake.

Ukitumia simu, zima data kabla ya kuunganisha. Wengi hukwama hapa. Simu ikiona waifai haina intaneti inarudi kimya kimya kwenye data, na ukurasa wa ruta haufunguki ng'o. Kisha andika http://192.168.1.1 kwenye mstari wa anwani kule juu. Usiiandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google, utaletewa matangazo. Kama haifunguki, gusa jina la waifai hiyo kwenye simu, usome palipoandikwa Gateway. Hiyo ndiyo anwani halisi ya ruta yako.

Ukishaingia, nenda sehemu ya LAN, badilisha anwani iwe 192.168.1.2, hifadhi. Ukurasa utakatika. Ni lazima ukatike, umeuhamisha mwenyewe. Jiunge upya na waifai, ufungue http://192.168.1.2. Baadaye chungulia pia ruta ya mapokezi, sehemu ya DHCP, uone inagawa anwani kuanzia ngapi. Ikiwa inaanzia 2, isogeze ianzie 10, isije ikampa mgeni namba ya ruta yako.

Sasa waifai. Weka jina na nenosiri sawasawa na vya mapokezi, ili mgeni akitembea kwenda nyuma simu ihame yenyewe. Chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inarushia waifai, ziwe tofauti: mapokezi 1, nyuma 6 au 11. Ulinzi chagua WPA2. Ukikuta ruta ina WEP pekee, mrudishie aliyekuuzia. Ulinzi huo ulishavunjwa tangu 2001. WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au namba fupi bila nenosiri, izime. Na badilisha nenosiri la kuingilia ukurasa wa setingi, kwenye ruta zote mbili. Mgeni yeyote mwenye waifai yako anaweza kuandika 192.168.1.1 kama wewe, na "admin" ndilo neno la kwanza atakalojaribu.

Kuzima DHCP kwenye ruta ya nyuma kuwe mwisho kabisa, kwa sababu ukishaizima simu yako haitapata anwani mpaka urudishe waya. Zima, hifadhi, chomeka waya kwenye LAN, tundu la WAN liache tupu. Ukiona kwenye setingi kuna chaguo la Access Point, yaani ruta ibaki kurusha waifai tu, una bahati: ukilichagua, ruta inazima ugawaji yenyewe.

Watakuja watu wakushauri uchomeke WAN na kuipa ruta ya nyuma anwani zinazoanza na 192.168.2 ili wageni watengane na kompyuta yako ya mapokezi. Haiwatengi. Aliye nyuma ya ruta ya pili bado anaweza kuvifikia vifaa vilivyo kwenye ya kwanza. Anayezuiwa ni aliye kwenye ya kwanza, asivifikie vya ya pili. Kama kompyuta hiyo ina hesabu zako, ulizia ruta yenye mtandao wa wageni unaojitegemea, na hiyo ikae mapokezi.

Bado kuna huo waya. Usizidi mita 100. Kama unapita nje kutoka jengo hadi jengo, upitishe ndani ya bomba, na radi za Kigoma unazijua: mvua ikianza kunguruma, uchomoe pande zote mbili pamoja na adapta za umeme. Radi ikipiga karibu, waya wa nje unaweza kuua matundu ya ruta zote mbili kwa mkupuo, na ile ya mapokezi kama ni mali ya kampuni, utaulizwa wewe.